Shangazi, mtoto ananiuliza wageni watarudi lini

Shikamoo Shangazi,

Mimi ni msichana wa miaka 24, ninakaa Magongo, Mombasa, na ni mshirika wa kanisa moja ambalo sitalitaja. Ukishasoma utaelewa kwa nini. Agosti iliyopita tulipokea wageni 14 kutoka Marekani, wengi wao vijana wa rika langu. Walikuja misheni ya siku tisa kuhudumia watoto wa Bangladesh, nikimaanisha ule mtaa wa mabanda wa Mikindani, si ile nchi. Kwa kuwa Kiingereza changu si kibaya, mchungaji alinipa kazi ya ukalimani.

Sitaki unielewe vibaya. Zilikuwa siku nzuri. Asubuhi nyimbo na hadithi ya Daudi na Goliathi, kisha kuchora, kisha mpira, na saa saba wali na maharagwe. Jiko letu hulisha watoto siku tatu kwa wiki, na pesa zake hutoka kwa kanisa la wageni hao hao, kwa hiyo siwezi kujifanya siujui mkono unaotulisha. Kulikuwa na baba mmoja wa makamo, kwao ni fundi bomba. Siku mbili nzima alilala chali chini ya sinki la jikoni akitengeneza bomba lililokuwa likivuja tangu Krismasi. Hakuomba kupigwa picha. Lakini pia mama anayeuza viazi karai nje ya lango letu aliniita pembeni akaniuliza, kwa adabu, wageni wanaondoka siku gani, ili ajue lini anunue tena unga na mafuta. Wiki ile watoto walikuwa na biskuti za bure mifuko yote miwili.

Sasa kuna mtoto nitamwita Kadzo, ingawa hilo si jina lake. Ana miaka minane. Tangu siku ya kwanza alimganda mgeni mmoja, msichana wa chuo, akawa kivuli chake. Yule dada alimfundisha kusuka bangili za nyuzi. Siku ya mwisho, gari limeshawashwa, Kadzo akamwuliza kupitia kwangu, "Utarudi lini?" Dada machozi yalikuwa yakimtoka. Akamkumbatia, akasema yale maneno wanayoagania kwao, "See you soon." Mimi nikayatafsiri neno kwa neno: "Tutaonana hivi karibuni."

Shangazi, mtoto alihesabu siku. Ijumaa ya wiki iliyofuata nilimkuta langoni amevaa gauni alilopewa, nywele zimechanwa. Na Ijumaa iliyofuata. Na nyingine. Sasa ni Novemba. Mama yake, ambaye hufulia watu nguo Mikindani na Miritini, alinisimamisha njiani akaniambia, "Dada, huyu mtoto kila gari kubwa likipita anatoka mbio. Kwani walisema wanakuja lini?" Nikamjibu nitawauliza. Niliwauliza. Yule dada alinijibu kwa moyo mweupe kabisa kwamba anampenda Kadzo na anamwombea kila siku, ila mwakani anamaliza chuo, na kundi lao safari hii litakwenda Guatemala. Jibu hilo nimekaa nalo wiki sita.

Jambo la pili. Mchungaji anataka nitoe ushuhuda wa dakika kumi Jumapili ya mavuno, na amechapisha bango kubwa litakalotundikwa nyuma yangu. Ni picha ya Kadzo akicheka, amebebwa mgongoni na yule dada. Chini yake pameandikwa kwamba yatima amepata tumaini. Kadzo si yatima! Mama yake ndiye huyo niliyekueleza, na baba yake yuko Malindi na mke mwingine, mzima wa afya. Nilipomwambia mchungaji alicheka kidogo, akasema hiyo ni lugha tu ya wafadhili.

Labda mimi ndiye mwenye tatizo. Nilipokuwa na miaka kumi tulikaa chumba kimoja Chaani, na wageni kama hawa walikuja shuleni kwetu wakanipiga picha nimeshika sahani. Sijawahi kuiona picha ile. Mara nyingine usiku najiuliza iko ukutani kwa nani.

Tulichofanya ni huduma au maonyesho? Jumapili niseme nini? Na Kadzo nimwambieje?

Ah, na nilisahau. Wageni wanataka kutusaidia kujenga nyumba ya watoto 40 mwakani, na mchungaji ameshaniambia mimi ndiye nitakuwa msimamizi, kwa mshahara. Sijapata kazi tangu nimalize stashahada yangu ya maendeleo ya jamii.

Mkalimani, Magongo

* * *

Marahaba, mwanangu.

Barua yako nimeisoma mara tatu, na mara ya tatu nilianzia chini kupanda juu, kwa sababu lile la mshahara umelifunga mwishoni kama mtu anayefunga sarafu kwenye pembe ya leso. Hukulisahau. Nitalifikia.

Kwanza yale maneno ya langoni. Yule dada kwa lugha yake hakuahidi kitu. Wenzetu wakiagana husema vile hata kwa mtu ambaye hawatamwona tena, kama sisi tunavyosema "haya, tutaonana" tukashuka matatu. Lakini ukishasema "hivi karibuni" kwa Kiswahili umemwekea mtoto tarehe. Na huku kwetu Pwani tuna maneno ya kuizuia ahadi isigeuke uongo: sisi husema Mungu akipenda, jirani zetu Waislamu husema inshallah, na hata mtoto wa miaka minane akiyasikia huelewa kwamba jambo lenyewe haliko mikononi mwa msemaji. Mtume Yakobo aliwasema wafanyabiashara waliokuwa wakipanga safari zao za kesho bila kuyatanguliza maneno hayo. Wewe ulitafsiri kila neno ukaiacha desturi nyuma. Ni kosa, lakini ni dogo, na gari lilikuwa limeshawashwa.

Hizo wiki sita ndizo sizioni ndogo. Umekaa na jibu mfukoni huku mtoto anachana nywele kila Ijumaa. Na kabla hujanikasirikia, nikuambie ninajua kukaa na kitu mfukoni. Wakati wa ukame wa mwaka 2000 nilikwenda Kinango na akina mama wa kanisa letu, siku tatu, na gunia za mahindi na maharagwe. Kulikuwa na mvulana mmoja aliyenisomea maandishi ya kwenye gunia, yote, mpaka jina la kiwanda. Nikamwambia nikirudi nitamletea kitabu cha hadithi. Kitabu nilikinunua kweli, pale Digo Road. Kikakaa kabatini kwangu Kisauni mpaka mende wakala gundi ya jalada. Kinango si mbali, mwanangu. Ni kivuko cha Likoni na matatu mbili. Yule mvulana sasa ni mtu mzima mwenye ndevu, na sidhani ananikumbuka, lakini mimi namkumbuka kila nikiona gunia la mahindi.

Kwa hiyo anza na mama yake Kadzo, kabla ya mtoto. Mwambie kama ulivyoniambia, pamoja na sehemu isiyokupendeza: kwamba wewe ndiye uliyetafsiri salamu ya kuagana ikawa ahadi ya "hivi karibuni". Akikubali, mwombe yule dada akurekodie sauti fupi, ataje jina la mtoto, aseme kwa kinywa chake kwamba anampenda na kwamba harudi. Awe yeye, si wewe. Halafu itafsiri vizuri safari hii. Kama hatatuma, basi sema wewe: "Kadzo, dada alikuaga, na mimi nilikuambia vibaya. Anakupenda, anakuombea, lakini hatarudi. Usimngoje langoni." Usitie "labda". Labda ya mtu mzima ni ndiyo ya mtoto. Atalia, na mwache alie. Mtoto huumizwa na kungoja kuliko anavyoumizwa na jibu.

Sasa swali lako kubwa, huduma au maonyesho. Sijui kwa nini unataka liwe moja. Katika siku tisa zile zile kulikuwa na mtu chini ya sinki na kulikuwa na watu waliogawa biskuti mbele ya kibanda cha mama wa viazi. Yule fundi bomba nampenda bila kumjua. Kazi yake ilijibu shida iliyokuwepo kabla yeye hajafika, na ilibaki alipoondoka, na hakuna aliyeachwa langoni akimngoja. Biskuti ziliijibu hamu ya mgeni ya kutoa. Hakuna ubaya katika hamu hiyo, mimi mwenyewe ninayo, ila mgeni alizilipia biskuti kwa pesa, na mama wa viazi akazilipia kwa siku tisa za biashara yake.

Kuna watu wataniandikia kwamba Wazungu wakae kwao, watume pesa tu. Nauli ya mmoja wao kwenda na kurudi ni zaidi ya laki moja, na ukizidisha kwa 14 unapata pesa za jiko lenu kwa muda mrefu. Nimeipiga hesabu hiyo pia. Lakini huwa siiamini sana, kwa sababu pesa ambazo watu hawakuja kuziona zinakwenda wapi hukauka upesi. Huenda jiko lenu lipo kwa sababu mtu fulani aliwahi kuja, akaona, akarudi kwao akasimulia. Shida yangu na siku tisa ni nyingine. Mimi nakaa karibu na Frere Town, pale Kengeleni, ambapo wamisionari waliwaweka watumwa waliokombolewa tangu 1875, na ninapita mara kwa mara njia ya kwenda kwenye mnara wa kumbukumbu wa Krapf, mmisionari Mjerumani. Alifika Mombasa 1844, na mwaka huo huo akawazika mke wake Rosine na mtoto wao mchanga. Mwenzake Rebmann alikuja 1846, akakaa Rabai na kwingineko huku Pwani hadi 1875, macho yakaisha, na waumini waliopatikana miaka ya mwanzo walikuwa wachache mno. Sisemi walikuwa malaika, wala kwamba waliyoyafanya yote yalikuwa mema kwa Wamijikenda na Waswahili. Nasema hivi: Krapf kabla ya kufundisha aliketi kujifunza, akaokota maneno yetu mpaka yakawa kamusi, iliyochapwa 1882, yeye akiwa amekufa mwaka uliotangulia. Ndani ya siku tisa mtu hawezi kujifunza hata salamu zinazotofautiana asubuhi na jioni. Anahitaji mkalimani. Na mkalimani, ukitazama vizuri, ndiye mmisionari hasa wa safari ile, kwa maana kila alichosikia mtoto kilitoka kinywani mwako na wewe ndiye hukupanda ndege.

Hilo la bango nitalisema kwa ukali kidogo. Kumwita yatima mtoto mwenye mama ni kumzika mama huyo akiwa bado ameinamia karai anafua. Na siku mtu wa mtaani akimwambia Kadzo, "Wewe si ndiye yule yatima wa kanisani?" nani atamweleza kuhusu lugha ya wafadhili? Zaidi ya hapo kuna sheria. Tangu Sheria ya Ulinzi wa Data ya 2019, taarifa za mtoto, picha ikiwemo, hazitumiwi bila idhini ya mzazi au mlezi. Mama yake aliulizwa? Katika barua yako sioni mahali alipoulizwa chochote, na nadhani hapo ndipo penye kiini cha kisa chote. Kila mtu alizungumza na Kadzo na hakuna aliyebisha hodi kwa mama.

Usilifanye jambo hili hadharani Jumapili. Mchungaji wenu hasikiki kama mtu mbaya, anasikika kama mtu anayelipa bili ya gesi kwa barua za shukrani. Mwendee katikati ya wiki, peke yake, kwa heshima, na uende na mbadala mkononi. Piga picha ya jiko, masufuria na lile bomba lisilovuja. Uwe na hesabu: sahani ngapi za wali tangu Januari, siku ngapi jiko lilifungwa kwa kukosa pesa. Mwambie huo ushuhuda utautoa kwa furaha, ila chini ya picha ya Kadzo yenye neno yatima hutasimama. Sema "sitasimama", si "ningependa". Ukiwa mpole katika kila kitu isipokuwa neno hilo moja, atakusikia.

Ile picha yako ya sahani, mwanangu, sina dawa yake. Nilitaka kukuandikia jambo la faraja hapa nikaona ni uongo. Ila angalia: unamlinda Kadzo asitundikwe ukutani kwa watu asiowajua, na hakuna aliyekufundisha darasani kwamba jambo hilo linauma. Ulilijua kwa sababu lilikupata.

Haya, tufungue leso.

Nyumba ya watoto 40. Vitanda 40 vikishajengwa lazima vilaliwe, maana wafadhili hawatumi pesa kwa kitanda kitupu. Wewe unayajua mabanda ya Bangladesh. Tuambie, ni mayatima wangapi pale wasio na mama, wala nyanya, wala shangazi? Watakaolala humo watakuwa akina Kadzo. Mama atakaposhindwa kodi ya mwezi mmoja atamleta, si kwa kutompenda, bali kwa sababu huko kuna chakula na viatu. Ndivyo ilivyokuwa kwingi: wengi wa watoto waliomo kwenye nyumba kama hizo, hapa Kenya na kwingine, wana mzazi aliye hai au jamaa wa karibu. Serikali nayo ilisimamisha usajili wa nyumba mpya za watoto Novemba 2017, na mkakati wa kitaifa wa mageuzi ya malezi, wa 2022 hadi 2032, unataka watoto warudishwe kwenye familia, si waondolewe. Kwa hiyo kabla ya tofali la kwanza, mchungaji aende kwa afisa wa watoto wa kaunti ndogo yenu. Nenda naye, mkaulize wote wawili, ili baadaye isionekane ni wewe uliyemtilia mchanga.

Na mshahara? Sitakuambia si kitu. Miaka 24, stashahada kabatini, nyumbani wanakuangalia. Lakini usimamizi wa nyumba ile ungekuweka kwenye kazi ya kujaza vitanda, na wewe ungejua kila usiku ni mtoto gani ana mama umbali wa kutembea kwa miguu. Kwa hiyo tumia Kiingereza chako. Waandikie wageni ukurasa mmoja, mchungaji akiujua, uwaambie pesa za nyumba ile zinaweza kufanya nini bila nyumba: jiko siku tano badala ya tatu, kodi ya dharura kwa mama aliyeugua, mtaji wa karai na makaa kwa mwingine, sare, na mtu mmoja wa kulipwa anayetembelea familia hizo kila wiki na kuzijua kwa majina. Mtu huyo awe wewe. Hawakuwahi kupewa wazo hilo kwa sababu hakuna aliyewaletea, wanaona watoto wengi uani wakadhani hawana kwao. Wanaweza kukataa. Jengo hupigwa picha na hupewa jina, kodi ya mama aliyeugua haina jiwe la msingi. Wakikataa utakuwa umekosa kazi, na hilo siwezi kulilainisha.

Lakini Kadzo kwanza, kabla ya mchungaji na kabla ya Marekani. Ijumaa hii usiende langoni na biskuti. Mama yake akishakubali, nunua viazi karai kwa yule mama, vya watu wawili, na ukwaju mwingi, mketi pale kwenye benchi. Kama anataka kukuonyesha jinsi ya kusuka bangili, mpe mkono wako. Halafu mwambie. Akikuuliza wewe utakuja lini tena, taja siku ambayo una hakika nayo, hata kama ni moja tu kwa mwezi, na utangulize Mungu akipenda.

Mchungaji akikukasirikia, niandikie.

Shangazi